Vijana Wetu Waende Arusha

Vijana wetu wa vyuo wanapozungumzia ziara ya kujifunza siasa ugenini, fikira zao hukimbilia London au Washington. Hatuna ugomvi na miji hiyo. Lakini sisi watu wa Elburgon twauliza: kwa nini tuvuke bahari kabla ya kuvuka Namanga?

Arusha, nchini Tanzania, ndiko liliko Bunge la Afrika Mashariki, pamoja na mahakama mbili ambazo zimekwisha kuamua mambo yetu wenyewe.

Mwaka 2006 Bunge letu la Kenya halikupiga kura kuwachagua wajumbe tisa wa Bunge hilo la Arusha. Kamati ilileta majina, Bunge likaarifiwa tu. Profesa Anyang' Nyong'o na wenzake wakashtaki. Tarehe 30 Machi 2007, Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki ikaamua kwamba huo haukuwa uchaguzi kwa mujibu wa kifungu cha 50 cha Mkataba wa Jumuiya. Kifungu cha 2A kilifutwa mwaka 1991 ili wananchi wachague. Wingi wa vyama ni bure iwapo majina yangali yanapikwa chumbani.

La pili li karibu nasi zaidi. Oktoba 2009 Waogiek, majirani zetu wa Mariashoni na Nessuit, walipewa siku 30 wauhame msitu wa Mau. Tarehe 26 Mei 2017, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua kwamba Serikali ya Kenya ilikiuka haki zao, ikiwemo haki ya ardhi, dini na utamaduni. Tarehe 23 Juni 2022 ikaamuru walipwe fidia ya shilingi 157,850,000, tena wapewe hati ya pamoja ya ardhi yao. Hata hivyo, Novemba 2023 Waogiek wa Sasimwani, Kaunti ya Narok, walifukuzwa na nyumba zao zikabomolewa. Hukumu isiyojulikana na wananchi haina mtetezi.

Kwa hiyo twayasihi makanisa yetu yachange nauli. Tusiombe gari la mwanasiasa, kwani fadhila yake hulipwa kwa kura. Vijana wachaguliwe hadharani, na Mkikuyu, Mkalenjin, Mkisii na Mogiek waketi katika basi moja. Tarafa hii, iliyoona nyumba zikiteketea mwaka 1992 na tena mwaka 2008, yahitaji watoto wake waisome sheria pamoja.

Nao watakaporudi, wasituletee picha peke yake. Wasimame mbele ya waumini baada ya ibada, waisome hukumu kwa Kiswahili, kisha wamwulize mbunge na diwani: amri hii mmeitekeleza wapi? Swali hilo likiulizwa Elburgon, nauli yetu itakuwa imerudi.