Usinunue darubini kwanza, buda

Wiki jana kijana mmoja wa Kapsabet aliniandikia inboksi. Amemaliza kidato cha nne, amefuga kuku mwaka mzima, ameweka shilingi 60,000. Anataka kuanza kupiga picha za nyota. Ameona darubini mtandaoni, imeandikwa inakuza mara 525, na kifaa kingine kinaitwa traka ya nyota. Swali lake: "Bro, nianze na gani?"

Nilimjibu neno moja: hakuna. Akanirudishia alama tatu za kuuliza. Sasa hili ndilo jibu lote, na naliweka hapa kwa sababu si yeye wa kwanza kuniuliza.

Hiyo hasara mimi nilishaila. Nilipoacha chuo mwaka wa pili kulikuwa na pesa ya muhula ambayo haikuwa imelipwa bado. Mathe alikuwa ameuza mahindi kuipata. Aliniambia nikae nayo, nitafute cha kufanya. Mimi nikaenda nikanunua darubini. 19,500. Boksi lilikuwa na picha ya Zohali na pete zake, na galaksi ya rangi ya zambarau. Usiku ule ule nikaiweka nyuma ya nyumba pale Langas, nikamwita mathe aje aone mwezi. Akainama, akaangalia, akasema, "Unatetemeka."

Hakukosea. Miguu ya stendi ilikuwa myembamba kama ya mbuzi wa siku mbili. Ukigusa kidogo tu mwezi unaruka, unatoka, unautafuta tena dakika tano. Nikajaribu kushikilia simu pale pa kuchungulia nipige picha. Nilipata picha nzuri sana ya kidole changu. Mathe hakusema kitu kuhusu pesa, na hilo ndilo liliniuma. Baadaye niliiuza 7,000 kwa jamaa mmoja wa huku Kaptagat, sahii anaitumia kuangalia ng'ombe wake ng'ambo ya mto. Anasema wanaonekana miguu juu. Ni kweli, darubini za vioo ndivyo zilivyo, zinageuza kila kitu. Angani haina shida, kwa ng'ombe ni shida.

Wacha nieleze ile 525. Nguvu ya darubini haiko kwa kukuza, iko kwa upana wa kioo chake, maana kioo ndicho kinakusanya mwanga. Ukitaka kukadiria, chukua upana kwa milimita uzidishe mara mbili. Yangu ilikuwa milimita 76, kwa hivyo ikijitahidi na hewa ikiwa imetulia ni kama mara 150. Ukizidisha hapo unakuza ukungu tu. Na hiyo 150 ni ya kuangalia kwa macho. Picha ni kazi nyingine, kamera inakaa wazi sekunde kadhaa na katika hizo sekunde hakuna kitu kinaruhusiwa kutikisika. Stendi inakuwa muhimu kuliko kioo, na hakuna mtu huchora stendi kwenye boksi.

Traka ya nyota nayo si ulaghai. Dunia inazunguka, nyota zinaonekana zikitembea, basi traka inageuza kamera polepole kwa mwendo ule ule ili nyota ibaki nukta isiwe mstari. Shida ni kwamba lazima uilenge sawasawa na mhimili wa Dunia, na karibu kila video ya YouTube inaanza hivi: tafuta Polaris, Nyota ya Kaskazini. Huyo anayekufundisha yuko Ujerumani ama Kanada, na kwake Polaris iko juu kabisa, haikosekani. Sisi Eldoret tuko nusu digrii tu kaskazini mwa ikweta. Polaris yetu iko chini kabisa pale anga inapogusa ardhi, nyuma ya miti ya jirani na moshi wa jikoni. Nimeitafuta mara nyingi, sijawahi kuiona. Tena ukiwa huku mhimili wa traka lazima ulale karibu bapa, na baadhi ya hivyo vifaa haviwezi kushuka hadi hapo. Kuna njia zingine za kulenga, kwa dira na kwa kuangalia nyota inavyoteleza kwenye skrini, lakini hizo si za mtu wa usiku wa kwanza. Utatoa maelfu ndio ukae kwa baridi masaa matatu ukigombana na dira.

Hapa ndipo mimi hukasirika kidogo. Ushauri mwingi wa vifaa tunaoletewa umepikwa kwa ajili ya anga ya watu wengine, halafu sisi tunauziwa kama ulivyo. Na anga yetu wala si mbaya! Usiku wa mwezi wa tano, mvua ikikupa nafasi, unasimama mahali pamoja ukiangalia Msalaba wa Kusini upande huu na Dubu Mkubwa upande ule. Mjerumani akiwa kwao hauoni ule Msalaba kabisa, na mtu wa Cape Town haoni Dubu wote. Jabari, ile Orion ya Wazungu, inapita utosini kwako. Hata Uhuru, satelaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza miale ya X kutoka angani, ilirushwa kutoka kwa jukwaa la Waitaliano baharini karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970. Hiyo ikweta waliifuata makusudi.

Sasa turudi kwa ile 60,000.

Kwanza simu uliyo nayo. Sichezi. Tarehe 7 Septemba 2025 mwezi ulipopatwa, ukawa mwekundu kuanzia saa mbili na nusu usiku hadi karibu saa nne, picha yangu iliyopendwa kuliko zote niliipiga na simu nikiwa nimeibana kwenye binokula ya kuazima. Mawingu yalifunguka dakika chache tu. Simu nyingi siku hizi zina sehemu ya kamera ambapo unaweza kuweka sekunde 10 hadi 30 mwenyewe. Kwa hivyo kitu cha kwanza kununua ni traipodi, na usinunue ile ya vijana wa TikTok yenye miguu ya plastiki. Nunua nzito. Isukume kwa kidole pale dukani, ikiyumba, achana nayo. Ukikosa nzito kabisa, ning'iniza mfuko wa mawe katikati.

Halafu kamera ya mtumba. Mimi nina Canon 600D, ya mwaka 2011, nilipata kwa 23,000 pamoja na ile lenzi yake ya kawaida ya 18-55. Watu hunicheka nayo. Niliichagua kwa sababu skrini yake inageuka. Kumbuka Jabari iko utosini. Ukiwa na kamera ambayo skrini imegandishwa mgongoni utalala kwa umande ukitafuta fokasi. Nikon D5300 pia skrini yake inageuka. Ukienda kuonana na muuzaji, weka kifuniko cha lenzi, piga picha ya sekunde 30 gizani, halafu uikuze: ukiona madoa mengi ya rangi, sensa imechoka. Mulika lenzi na tochi pia, kuna kuvu huingia ndani kama utando wa buibui. Na mkutane mahali pa watu, mchana.

Pesa inayobaki, wacha mwili wa kamera, iweke kwa lenzi. 50mm ya f/1.8, ya mtumba. Ile 18-55 ukiivuta hadi 50 inafika f/5.6 tu, na hii ya f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara 10 zaidi. Mara kumi, kwa lenzi ndogo inayoingia mfukoni! Hakuna kitu kingine utanunua kwa hiyo bei kikupe faida kama hiyo. Ongeza rimoti ya waya yenye saa, ipige picha yenyewe bila kuguswa. Mpaka hapo 60,000 haijaisha, na unabaki na nauli.

Bila traka, nyota zitakuwa mistari ukiacha kamera wazi muda mrefu. Watu hugawanya 500 kwa urefu wa lenzi ukishauzidisha kwa 1.6 kwa hizi Canon ndogo. Kwa 18mm unapata kama sekunde 17, kwa 50mm ni kama 6. Mimi kwa 50mm naweka 4, kwa sababu nyota zinazopita juu ya ikweta kama mkanda wa Jabari ndizo zinakimbia kuliko zote. Sekunde 4 zinaonekana kidogo sana, najua. Ndio unapiga picha 150, na hizo tayari ni dakika 10 za mwanga. Unaziingiza kwa programu kama Siril ama DeepSkyStacker, zote za bure, inazipanga juu ya nyingine, na zile chembechembe za kuharibu picha zinapungua karibu mara 12. Laptopi ya kuazima inatosha. Mara ya kwanza nilipoona lile wingu la gesi chini ya mkanda wa Jabari likitokea, la waridi, kutoka kwa picha ambazo moja moja zilikuwa nyeusi tupu, nilimwamsha mathe saa saba usiku. Alitaka kujua kama nimeumwa na kitu.

Nisikudanganye lakini. Hii kamera haitakupa pete za Zohali. Kama roho yako iko kwa sayari, utahitaji darubini siku moja, ya maana, na bado nitasema chungulia ya mtu kwanza. Susan Murabana na mumewe wamekuwa wakizunguka nchi na yao, The Travelling Telescope, tangu 2014, na watoto wengi wa shule wameona Zohali kwa mara ya kwanza hapo. Ukishaona kwa jicho lako utajua kama ndiyo unayotaka ama ulipenda boksi.

Msimu pia ni shida yetu. Ile mikono mizuri ya galaksi unayoona Instagram hutokea mwezi wa sita hadi wa nane, na huku hiyo ni mvua. Anga safi ni Desemba hadi Februari. Mimi hupanda matatu hadi Iten, nasimama ukingoni upande wa bonde la Kerio, kwa sababu chini huko taa ni chache na Jabari inachomoza moja kwa moja mbele yako. Lakini usitokee tu usiku na miguu mitatu na taa nyekundu kichwani. Mara ya kwanza nilizungukwa na wanaume wanne wakiuliza napima shamba la nani. Sasa huwa napitia kwa mzee wa nyumba kumi mchana, namwonyesha picha, namwambia nitakuwa wapi. Lenzi hushika umande, kwa hivyo beba soksi na vile vifuko vya kupasha mikono joto, vifunge kuizunguka. Saa kumi na moja na nusu wanariadha wakianza kupita, wewe ndio unafunga.

Kijana wa Kapsabet, mwisho wa Januari Jabari itakuwa utosini saa nne kasorobo usiku. Piga ya kwanza na simu hata kabla ya kununua chochote, na unitumie hata kama ina mistari.