Miti bilioni 15, lakini nyuki atakula nini?

Fuata nyuki ule asali, walisema wahenga. Shuleni methali hii hufundishwa kwa maana yake ya ndani: andamana na wema nawe upate wema. Maana yake ya juu tumeisahau. Anayetaka kumfuata nyuki hana budi kujua nyuki aendako, na nyuki haendi ila penye maua. Katika Bonde la Ufa la kati, kuanzia miteremko ya Mau hadi mashamba ya Molo, Njoro na Nakuru, swali la nyuki aendako limekuwa swali la chakula, la sheria na la haki, ijapokuwa ni nadra kulisikia likiulizwa hivyo.

Mwezi Desemba 2022 serikali ya Kenya ilizindua kampeni ya kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032. Tarehe 13 Novemba 2023 ikatangazwa kuwa siku ya mapumziko, ili wananchi, wakubwa kwa wadogo, wapate kupanda miche. Hapana mtu wa busara atakayelipinga jambo hilo. Hata hivyo, katikati ya mwaka uo huo wa 2023, Rais William Ruto alikuwa ametangaza akiwa Molo kwamba marufuku ya ukataji miti iliyowekwa Februari 2018 imeondolewa. Wenye viwanda vya mbao wakashangilia, wakisema kwamba miti iliyokomaa ilikuwa ikiozea msituni huku vijana wakikosa kazi. Watetezi wa mazingira nao wakalalamika, na shauri likafikishwa mahakamani.

Kila upande ulikuwa na hoja zake. Lakini ukizisikiliza kwa makini, utagundua kwamba pande zote mbili zilizungumza lugha moja, nayo ni lugha ya hesabu ya mashina: mangapi yakatwe, mangapi yapandwe. Nyuki hahesabu mashina. Huhesabu maua. Na hapo ndipo tunapopaswa kuanza kuyafikiria upya mambo haya.

Sehemu kubwa ya miti inayopandwa na kukatwa katika mashamba ya misitu ya Molo, Elburgon na Njoro ni misonobari na saipresi. Hii ni miti ya kigeni iliyoletwa enzi za ukoloni kwa ajili ya mbao, na baadaye karatasi. Ina faida zake, wala hatuibezi. Lakini haina mbochi. Chavua yake hupeperushwa na upepo, kwa hiyo haimhitaji nyuki, wala nyuki hana la kutafuta kwake. Msonobari mmoja na mti mmoja wa asili utoao maua huwa sawa katika daftari la afisa wa misitu. Kwa nyuki, shamba la misonobari ni jangwa la rangi ya kijani kibichi. Mkaratusi, kwa upande wake, humpa nyuki mbochi nyingi, lakini hunywa maji mengi mno kiasi kwamba kuupanda kando ya mto ni kumfadhili nyuki kwa mkono mmoja na kumnyang'anya maji kwa mkono wa pili. Basi haitoshi kuuliza tumepanda miti mingapi. Yafaa tuulize: miti gani, wapi, na kwa faida ya viumbe gani?

Huenda msomaji akauliza, je, nyuki ana umuhimu gani hata tumfanye kipimo cha siasa za misitu? Ni kweli kwamba ngano ya Njoro na mahindi ya Rongai hayamtegemei nyuki, na viazi vya Molo hupandwa kwa mbegu zitokazo ardhini. Lakini mtu haishi kwa ugali na chapati pekee. Boga, tikitimaji, parachichi na alizeti huhitaji chavua itoke ua moja hadi jingine kwa miguu ya mdudu. Karakara huchavushwa na nyuki wakubwa weusi, wale watoboao mbao. Hata sukuma wiki, ambayo kila nyumba huila, haipati mbegu pasipo wadudu kuyazuru maua yake. Mwaka 2016 jopo la kimataifa la wanasayansi wa viumbe hai lilieleza kwamba zaidi ya robo tatu ya aina za mazao makuu ya chakula duniani hutegemea, kwa kiasi kikubwa au kidogo, uchavushaji wa wanyama na wadudu. Kazi hiyo yote hufanywa bila mshahara, bila mgomo na bila kuandikwa katika bajeti ya wizara yoyote. Labda ndiyo sababu tunaidharau. Kisicholipiwa hudhaniwa hakina thamani.

Katika msitu wa Mau, hata hivyo, walikuwapo watu ambao hawakuidharau kamwe. Hao ni Waogiek. Kwa vizazi vingi waliishi kwa kuwinda na kurina asali, na asali ndiyo iliyokuwa chakula chao, dawa yao, kinywaji cha sherehe zao na sehemu ya mahari yao. Walichonga mizinga ya magogo na kuitundika juu ya miti mirefu. Kila ukoo ulikuwa na eneo lake lililopanda kutoka miteremko ya chini hadi misitu ya juu, kwa kuwa maua hayachanui mahali pote kwa wakati mmoja. Ulipokwisha msimu wa maua ya chini, mrina asali alipanda juu. Kalenda yake ilikuwa maua.

Tuitazame hekima iliyomo katika utaratibu huo. Mwenye mzinga hawezi kuukata mti unaoubeba mzinga wake, wala mti unaowalisha nyuki wake. Hahitaji askari wa kumchunga, kwa sababu maslahi yake na uhai wa msitu ni kitu kimoja. Ulinzi wa namna hii haununuliwi kwa fedha za wafadhili wala hauamrishwi kwa amri ya mkuu wa wilaya. Hutokana na mtu kuutegemea msitu, na kujua kwamba anautegemea.

Historia yetu imekuwa ya kuuvunja uhusiano huo. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 tume ya ardhi ya wakoloni, iliyoongozwa na Carter, ilipendekeza jamii za msituni ziondolewe na kuchanganywa na makabila mengine. Uhuru ulipopatikana, mwelekeo haukubadilika sana. Mwaka 2001 serikali iliondoa zaidi ya hektari 60,000 za Mau kutoka orodha ya misitu ya umma, kwa madai ya kuwapa makao wasiokuwa na ardhi. Kikosi maalumu kilichoundwa kuichunguza Mau kilipotoa ripoti mwaka 2009, kilieleza kwamba takriban hektari 107,000, yaani karibu robo ya msitu wote, zilikuwa zimeangamia katika muda wa miaka 15. Katika mgao huo wa ardhi walinufaika pia wakubwa wenye majina na vyeo, watu ambao hawakuwa na mzinga hata mmoja.

Kisha likaja jambo la kustaajabisha. Ilipofika zamu ya kuuokoa msitu, Waogiek nao walipewa ilani ya kuhama, Oktoba 2009, pamoja na wale walioukata. Kesi ikaenda mbali. Tarehe 26 Mei 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, mjini Arusha, iliamua kwamba Kenya imekiuka haki za Waogiek, na kwamba hoja ya kuhifadhi mazingira haikuhalalisha kuwafukuza, kwa kuwa haikuthibitishwa kuwa wao ndio chanzo cha uharibifu wa Mau. Tarehe 23 Juni 2022 mahakama iyo hiyo iliamuru walipwe fidia ya shilingi 157,850,000 na warejeshewe ardhi yao kwa hati ya pamoja. Pamoja na hayo yote, Novemba 2023 nyumba zilibomolewa Sasimwani, upande wa Narok, na familia za Waogiek zikajikuta nje mvua ikinyesha.

Wapo wasemao kwamba Waogiek wa leo si wale wa zamani, kwamba wengine wanalima, wanafuga na hata kuuza ardhi. Hoja hii haina budi kujibiwa kwa uaminifu, kwani ina chembe ya ukweli. Mtu aliyenyang'anywa msitu wa kurina asali hujifunza kulima, kama ambavyo mvuvi aliyenyang'anywa bahari hujifunza kuchunga mbuzi. Mahakama yenyewe haikusema watu wakate miti wapendavyo. Kurudishiwa ardhi hakumwondolei mtu wajibu, bali humwongezea. Katiba ya mwaka 2010 inayatambua mambo haya mawili kwa pamoja. Kifungu cha 63 kinaihesabu ardhi ya asili ya jamii za wawindaji na wakusanyaji kuwa ardhi ya jamii, na kifungu cha 69 kinamtaka kila mtu ashirikiane na serikali katika kuyahifadhi mazingira. Kukishika kifungu kimoja na kukitupa kingine ni kuisoma Katiba kwa jicho moja.

Lakini tusijidanganye kwamba wajibu huo unakomea kwenye ukingo wa msitu. Nyuki hajui mipaka. Huruka kilomita tatu au zaidi kutoka mzingani kutafuta chakula, na katika safari hiyo hupita juu ya mashamba yetu sisi tusioishi msituni. Mkulima anayenyunyizia dawa ya wadudu saa nne asubuhi, maua yakiwa wazi, huwaua nyuki wa jirani yake bila kuonana naye. Mwaka 2018 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku matumizi ya dawa tatu za kundi la neonikotinoidi katika mashamba ya wazi, kwa sababu sumu yake huingia ndani ya mmea na kufika hadi kwenye mbochi na chavua. Mwaka 2019 ombi la kutaka dawa hatari ziondolewe nchini lilifikishwa katika Bunge letu. Jambo linalokataliwa kwa mkulima wa Ufaransa kwa sababu ya madhara yake haliwezi kuwa halali kwa mkulima wa Subukia kwa sababu tu yeye ni wa Subukia.

Nakuru, kwa kweli, ina somo lake yenyewe katika jambo hili. Mji huu ulikuwa makao ya Bodi ya Pareto, na hadi miaka ya 1990 Kenya ilitawala soko la pareto duniani. Dawa ya pareto humdhuru nyuki akiguswa nayo, lakini huharibika upesi inapopigwa na jua. Ikinyunyizwa jioni, nyuki wakiwa wamekwisha kurudi mzingani, hatari yake hupungua sana. Hapa tunaona kwamba tofauti kati ya kuua na kuhifadhi huenda ikawa ni saa chache tu, na subira ya mtu mmoja mwenye bomba mgongoni.

Kwa walimu na wanafunzi, wajibu huu si mzigo mkubwa hata kidogo. Kila shule ina kipande cha ardhi na kila mwaka hupanda miche. Darasa moja laweza kuweka daftari la maua: mti upi umechanua, mwezi gani, na ni wadudu gani wameonekana juu yake. Baada ya miaka mitatu shule itakuwa na kalenda ya maua ya kijiji chake, na itajua ni mwezi upi nyuki hukosa chakula, hivyo ni mti gani wa asili upandwe ili kuliziba pengo hilo. Wanafunzi waende pia kwa wazee wa Mariashoni na Nessuit wawaulize majina ya miti ya asali, maana elimu hiyo haimo vitabuni, na wenye nayo hawaishi milele. Ama mizinga yenyewe, iwekwe mbali na madarasa na nyuma ya ua mrefu, kwani nyuki wa Afrika hana mzaha.

Na siku ya kupanda miti itakaporudi, kabla ya kuushika mche na kupigwa picha, mwanafunzi amuulize afisa wa misitu swali moja: mti huu utatoa ua gani, na lini? Afisa akiwa na jibu, tupande kwa furaha. Akiwa hana, basi bilioni 15 ni nambari tu, na nyuki hali nambari.