Tuanze na Mchoro, Fomula Itafuata

Mpe mwanafunzi wa sekondari swali hili: jiwe limerushwa kwa mlalo kutoka ukingo wa genge lenye kimo cha meta 20, kwa mwendo wa meta 15 kwa sekunde. Je, litaanguka umbali gani kutoka chini ya genge? Walio wengi watakimbilia fomula walizokariri na kuzijaribu moja baada ya nyingine, kama mtu ajaribuye funguo nyingi katika kufuli moja. Baadhi yao watapata jibu. Lakini kupata jibu na kufahamu jambo ni vitu viwili mbalimbali, na mitihani yetu huvichanganya.

Galileo, katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1638, alieleza kuwa mwendo wa kitu kilichorushwa ni miendo miwili iendayo pamoja pasipo kuingiliana. Tukiacha ukinzani wa hewa, mwendo wa mlalo haubadiliki, maana hakuna kani inayouongeza wala kuupunguza. Mwendo wa wima huongezeka kwa takriban meta 10 kwa sekunde katika kila sekunde, kwa ajili ya mvutano wa dunia. Mwanafunzi aliyechora mishale hiyo miwili ataona kwamba baada ya sekunde 2 mwendo wa kushuka umefikia meta 20 kwa sekunde. Wastani wake ni meta 10 kwa sekunde. Basi jiwe limeshuka meta 20 na kufika chini. Katika muda huo huo limesogea mbele meta 30.

Kipimo cha kweli ni maswali yasiyo na hesabu nyingi. Jiwe lililorushwa wima lifikapo kileleni, lina kani gani? Wengi hujibu kuwa hakuna, kwa kuwa limesimama. Lau ingekuwa hivyo, lingebaki angani daima! Uzito wake haukuondoka hata kidogo, nao ndio ulirudishao chini. Vivyo hivyo, mkokoteni ukisukumwa kwa kani ya nyutoni 200 katika barabara tambarare, ukaenda kwa mwendo usiobadilika, msuguano ni kiasi gani? Wengi watasema ni pungufu ya 200, “ndiyo maana unakwenda.” Newton alikwisha kutufundisha mwaka 1687 kuwa kani zikilingana, kilichotulia hubaki kimetulia, na kiendacho huendelea vile vile katika mstari ulionyooka. Msuguano, basi, ni nyutoni 200 kamili.

Mwalimu atasema kwamba muhtasari ni mrefu na mtihani u karibu. Ni kweli; lakini mchoro wa kani huchukua dakika moja, ilhali kosa la fikra hudumu miaka. Napendekeza mambo mawili. Kwanza, mchoro na sentensi moja ya maelezo vipewe alama kabla ya tarakimu. Pili, kwa kuwa shule zetu za sekondari nchini Tanzania hufundisha sayansi kwa Kiingereza, mwanafunzi aruhusiwe kwanza kueleza kwa Kiswahili kani zilizopo na zinakoelekea, kisha ndipo aandike hesabu yake.

Taifa linahitaji mafundi wa madaraja, mabwawa na mitambo. Daraja halisimami kwa fomula iliyokaririwa. Husimama kwa sababu aliyelijenga alijua kila kani inaelekea wapi, na ni ipi inayoikabili.