MAMBO YA NYUMBANI: Mtoto wa Mbwa Mkubwa Asiharakishwe Kukua

Katika ukurasa huu tumezoea kusema juu ya ulezi wa watoto, na usafi wa nyumba, na ufugaji wa kuku na mbuzi. Mwezi huu twataka kusema juu ya mnyama alalaye mlangoni petu, naye ni mbwa. Wala si kila mbwa, ila yule wa jamii kubwa, kama vile German Shepherd, Great Dane na Boerboel, ambaye nyumba nyingi na shule nyingi humtaka awe mlinzi. Mbwa huyo hununuliwa kwa fedha nyingi, kisha mara nyingi huharibiwa kwa mapenzi. Neno hili laweza kuwashangaza wengine, kwa hiyo afadhali tuanze kwa kukiri kosa letu wenyewe.

Miaka michache iliyopita tulipewa mtoto wa mbwa, dume, wa jamii ya German Shepherd, umri wake majuma manane. Tukamwita Simba. Kijana wetu, ambaye wakati ule alikuwa darasa la nne, akawekwa kuwa mlishaji wake. Tulinunua dukani chakula kikavu cha watoto wa mbwa, nacho chakula kile kilikuwa kimetimia, hakikupungukiwa na kitu. Lakini kijana alimpenda mno mwenzake, akawa humgawia uji wake asubuhi na maziwa yake jioni. Nasi watu wazima, badala ya kumzuia, tukaongeza letu. Tulikwenda duka la pembejeo tukanunua unga wa mifupa, ule wanaotiliwa kuku na ng'ombe, tukamnyunyizia kijiko kizima kila mlo, maana tulisema, "Mbwa mkubwa ataka mifupa mikubwa."

Alipotimiza miezi minne kila mgeni alimsifu. Alikuwa mnene, mzito, amewapita ndugu zake wote wa tumbo moja, nasi tukajivuna. Alipoingia mwezi wa tano vifundo vya miguu yake ya mbele vikavimba, na nyayo zikaanza kupinda kuelekea nje. Asubuhi aliinuka kwa shida kama mzee. Tulidhani kwamba amepungukiwa na chokaa ya mifupa, basi tukaongeza kijiko cha pili. Hapo ndipo tulipokosa zaidi.

Daktari wa mifugo alipomshika miguu hakutuuliza ameanguka wapi, bali alituuliza anakula nini. Tukamhesabia yote, tena kwa fahari. Akatusikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwalimu, mbwa huyu hamkumnyima kitu, mmemzidishia."

Basi, wasomaji wetu, yafaa tujue sababu ya maneno yale. Mtoto wa binadamu huchukua miaka kumi na minane hivi hata uzito wake uwe mara ishirini ya ule aliozaliwa nao. Lakini mtoto wa Great Dane huzaliwa na uzito wa karibu nusu kilo, na kabla ya kutimiza miaka miwili huweza kupita kilo 50, yaani mara mia. Hakuna kiungo cha mwili kinachopata taabu katika safari hiyo kama mifupa. Karibu na ncha za mifupa ya mnyama mchanga mna gegedu laini, nayo hugeuka kuwa mfupa mgumu polepole. Mbwa wa jamii ndogo aghalabu humaliza kazi hiyo kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Yule wa jamii kubwa huendelea mpaka mwezi wa 15, au hata wa 18. Kumtwika unene kabla ya wakati huo ni sawasawa na kuezeka vigae juu ya ukuta wa udongo usiokauka.

Tena iko habari ya madini ya kalsiamu, ndiyo chokaa ya mifupa. Mbwa mzima akipewa chokaa nyingi, matumbo yake huchukua kiasi cha haja na kuacha iliyobaki ipite. Mtoto wa mbwa hana mlango huo; mpaka afikie umri wa miezi sita hivi, sehemu kubwa ya chokaa anayolishwa huingia mwilini, apende asipende. Hiyo iliyozidi huizuia gegedu isigeuke kuwa mfupa kwa taratibu yake. Wataalamu wa Utrecht, katika nchi ya Uholanzi, walilionyesha jambo hili mwaka 1985, walipowalisha watoto wa Great Dane chokaa kupita kiasi wakaona mifupa yao ikiharibika. Wengi walidhani kwamba kosa ni la nyama na vyakula vingine vya kujenga mwili. Lakini mwaka 1991 wataalamu wa Utrecht waliwajaribu Great Dane tena kwa vipimo mbalimbali vya protini, nao hawakuona kwamba protini ndiyo iletayo madhara hayo. Wenye hatia ni chokaa iliyozidi na shibe iliyozidi.

Pengine msomaji atasema, "Unene wa utotoni hupita." Sivyo. Huko Marekani walichukuliwa Labrador 48 tangu wakiwa wachanga, wakapangwa wawili wawili. Katika kila jozi mmoja alilishwa pungufu kwa robo moja kuliko mwenzake, chakula kikiwa kile kile, nao wakaangaliwa maisha yao yote. Matokeo yalipotangazwa mwaka 2002, ilionekana kwamba nusu ya wale waliolishwa zaidi walikuwa wamekwisha kufa kufikia umri wa miaka 11.2, nusu ya waliopunguziwa ilifika miaka 13. Tena ugonjwa wa nyonga na maumivu ya viungo uliwachelewa hawa waliopunguziwa. Karibu miaka miwili ya uhai ilikuwamo katika ile robo ya chakula.

Sasa tuseme yafaayo kutendwa. Kwanza, chakula chenyewe. Akinunuliwa chakula cha mfuko, na kiwe kile kilichoandikwa kwamba chafaa kwa kukuza mbwa wa jamii kubwa. Chama kiitwacho AAFCO, ambacho huweka kanuni za vyakula vya wanyama huko Marekani, husema kwamba chakula cha kukuzia mbwa atakayefikia kilo 32 au zaidi kisiwe na kalsiamu kupita asilimia 1.8, maji yakiisha kutolewa katika hesabu. Chakula cha namna hiyo kimekwisha kupimwa. Usikiongezee unga wa mifupa, wala maganda ya mayai, wala vidonge vya chokaa.

Lakini yuko asiyeweza kununua mfuko, naye hupika jikoni. Huyo na ajue kwamba hatari yake ni ya upande wa pili. Ugali mtupu hushibisha wala haujengi mwili, na nyama tupu haina chokaa ya kutosha. Mtoto wa mbwa alishwaye nyama pasipo mifupa siku zote huweza kuvunjika miguu bila kupigwa. Basi mpishi asikisie. Na amweleze daktari wa mifugo vyakula alivyo navyo, ugali, dagaa, mayai, maini, naye ampangie vipimo. Kijiko kimoja cha chokaa chaweza kuwa dawa katika chungu hiki na sumu katika chungu kile. Kwa hiyo asimwige jirani.

Pili, kipimo na saa. Toka majuma manane mpaka miezi mitatu apewe chakula mara nne kwa siku. Mpaka miezi sita mara tatu. Baadaye mara mbili maisha yake yote. Asilishwe mlo mmoja mkubwa, wala asikimbizwe mara akiisha kula, maana mbwa wenye vifua virefu hupatwa na ugonjwa wa tumbo kuvimba na kujipinda, nao huua kwa muda wa saa chache. Pima chakula kwa kikombe kile kile. Akiisha kupita robo saa, ondoa kilichobaki. Maji safi yasikose kamwe.

Tatu, mwamuzi wa kipimo si macho ya wageni, ni mkono wako. Kunja ngumi, upitishe kidole juu ya vifundo vya ngumi. Mbavu za mbwa zikiwa hivyo, amekonda. Fungua kiganja, ubonyeze nyama iliyo chini ya kidole gumba. Zikiwa hivyo, amenenepa. Kisha nyosha mkono, upapase mgongo wa kiganja; zikiwa hivyo, ni sawa. Tena ukimtazama kwa juu uone kiuno, na ukimtazama ubavuni uone tumbo limepanda nyuma ya mbavu. Mpime hivi kila juma, uongeze au upunguze kidogo. Ukubwa wake wa mwisho ameupata kwa baba yake na mama yake. Ukimlisha kwa kiasi ataufikia vilevile, ila kwa miguu iliyonyoka.

Nne, mwendo. Acheze apendavyo juu ya majani na udongo, naye akichoka mwacheni alale. Asiburutwe kwa kamba mbio ndefu, wala asirukishwe kutoka mahali pa juu. Huko Norwei, katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 2012, watoto wa mbwa wakubwa waliopanda na kushuka ngazi kila siku kabla ya miezi mitatu walipatwa zaidi na ugonjwa wa nyonga. Waliocheza huru nje penye ardhi laini walipatwa kwa uchache.

Tano, msimpe chokoleti, wala vitunguu, wala zabibu, mbichi au kavu, maana kwake ni sumu; wala mifupa iliyopikwa, hasa ya kuku, kwa kuwa huvunjika vipande vikali. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha wengi walioachishwa kunyonya. Dawa ya minyoo aanze akiwa na majuma mawili, arudiwe kila baada ya majuma mawili mpaka juma la nane, halafu kila mwezi mpaka miezi sita. Maana mayai ya minyoo yake hukaa udongoni na kuwaingia watoto wetu wachezao hapo. Chanjo za distemper na parvo zianze kati ya juma la sita na la nane, na ile ya kichaa cha mbwa akiwa na miezi mitatu, kisha zirudiwe kama daktari atakavyoagiza.

Tumerudi kwa Simba wetu. Unga wa mifupa tuliutupa siku ile ile, na chakula kikapunguzwa. Alilia karibu na sahani yake, akatutazama kwa macho ambayo kila mwenye mbwa ayajua, na katika nyumba yetu hapakuwa na jambo gumu kama kuyavumilia macho yale. Lakini wazee wetu walisema, "Mchelea mwana kulia hulia yeye." Baada ya miezi kadhaa mguu wa kulia ulinyoka. Wa kushoto haukunyoka kabisa, nao huchechemea hata leo asubuhi za baridi.

Jioni ile tuliyotoka kwa daktari kijana wetu hakula. Akatuuliza, "Baba, ni mimi niliyemwumiza?" Tukamjibu kwamba yeye alimpa alicho nacho, bali kijiko kilikuwa mkononi mwetu, nasi hatukuuliza. Tukampa kikombe cha kupimia, tukachora alama ubavuni mwake. Tangu siku hiyo hajapita alama ile hata kwa punje moja, na kila Jumamosi hupapasa mbavu za Simba, kisha hupapasa mgongo wa mkono wake mwenyewe.

Basi, ndugu, mtu akija nyumbani kwenu akamsifu mtoto wa mbwa wenu kwa unene, msifurahi upesi. Wekeni kwanza mkono juu ya mbavu.