Bibi wa Matombo hakatwi!

Jamani wadau, postimodenizimu ya kundi letu imenichosha. Eti filamu ni kukatakata picha, kamera kichwa chini! Bibi wa Matombo kaanza tu kusimulia habari za matuta, tumeshamkata, muziki juu.

Lyotard mwaka 1979 alizungumzia kutoziamini simulizi kubwa. Haya, hapa Uluguru simulizi kubwa ni ipi? Si ile ya mkoloni, kwamba Mluguru ndiye anayeua mlima, alazimishwe kuchimba matuta? Mwaka 1955 watu waligoma, mradi ukafa. Simulizi yenyewe wapo wanaoirudia mpaka leo.

Huyo bibi ndiye anayeivunja, nyie mnamkata! (Mnaopenda mivunjiko someni Nagona ya Kezilahabi, 1990, sio kuchezea vitufe.) Jumatatu tunahariri upya, bibi anasema mpaka amalize. Asiyetaka atoke kundini.