Reli ya Uhuru na mfuko wa mbolea

Wiki hii nilishuka Makambako na mjomba kufuata mbolea ya viazi. Njombe kwetu treni haifiki, kwa hiyo ni basi tu, kilometa kama 60. Tulipokaribia stesheni nikaleta kimbelembele changu cha kidato cha nne: "Mjomba, reli ya Mchina ile."

Mzee akasimama katikati ya barabara, bodaboda nusura imparaze. "Nani kakwambia ya Mchina? Mchina alikopesha. Wenye reli ni sisi na Zambia!"

Jamani, nilikoma. Somo likaanza palepale. Zambia haina bahari, na shaba yake ilikuwa inapita Rhodesia. Mwaka 1965 Ian Smith akajitangazia uhuru wa walowezi, na koo la Zambia likabaki mkononi mwake. Nyerere na Kaunda walibisha hodi Benki ya Dunia na kwa wakubwa wa Magharibi, wakaambiwa reli hiyo hailipi. China ikatoa mkopo bila riba. Kazi ikaanza 1970, na kufikia 1975 kilometa 1,860 zimetandikwa, Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Kipande cha Mlimba kuja hapa Makambako ndicho kilichowatoa watu jasho: mahandaki 18!

"Basi Zambia ikapumua," nikadakia.

Mjomba akacheka kicheko cha kukwaza. Mpaka wa Rhodesia ulifungwa 1973. Oktoba 1978, reli mpya ikiwepo, Kaunda akaifungua tena njia ya kusini. Bandari ya Dar ilielemewa, vichwa vya treni vinasumbua, na mbolea inatakiwa mashambani. "Wewe mkulima wa viazi unajua. Msimu unamngoja nani?"

Hapo ndipo nilipoelewa, na nakiri nilichelewa. Nilidhani ukishajenga njia yako umemalizana na jirani mbabe. Kumbe reli inataka vipuri, mafundi na bandari inayotembea, la sivyo unarudi kwa yuleyule uliyemkimbia. Septemba 2024 tumesaini tena huko Beijing, kampuni ya Kichina ije kuifufua reli hiyohiyo. Sina ugomvi na Mchina, ila nauliza tu: vijana wangapi wa hapa Makambako watafundishwa kufungua injini na kuifunga?

Dukani mjomba alilipa, akaugeuza mfuko nimsomee umetengenezwa wapi. Nikasoma. Si Tanzania.

"Haya, beba," akasema.