Bushi za Gari na Matumizi Mabaya ya Grisi

Fundi anapoitwa kunyamazisha gari linalolia chini, mara nyingi jambo la kwanza ni kushika kopo la oili chafu. Bushi za springi na za mikono ya magurudumu hupakwa, kelele hukoma, na mwenye gari hulipa akaondoka ameridhika. Muda si mrefu kelele hurudi, nayo bushi imekwisha kuvimba, imelainika na kuanza kumeguka. Lawama huangukia barabara mbovu, au mwenye duka aliyeuza kipuri. Ni nadra kulaumiwa ile oili yenyewe, ambayo ndiyo hasa iliyoiua bushi.

Bushi ya mpira haikuundwa iteleze. Mpira umegandishwa baina ya vibomba viwili vya chuma, kimoja ndani na kimoja nje. Gurudumu lipandapo na kushuka, mpira wenyewe ndio unaojisokota kisha ukajirudi. Hapana nyuso mbili zinazosuguana, kwa hiyo hapana mahali pa grisi. Tena mpira wa asili, hata ukiisha kupikwa na salfa kwa njia aliyoigundua Charles Goodyear mwaka 1839, hufyonza mafuta yatokanayo na petroli, ukavimba na kupoteza nguvu zake. Hata ufungaji wake una kanuni ambayo gereji nyingi huipuuza: bolti hukazwa mara ya mwisho gari likiwa limesimama juu ya magurudumu yake. Zikikazwa gari likiwa juu ya jeki, mpira hubaki umesokotwa tangu gari literemshwapo, na bushi mpya hupasuka kabla ya wakati wake.

Poliyurethani ni kitu kingine kabisa. Asili yake ni kazi ya mkemia Otto Bayer na wenzake huko Leverkusen, Ujerumani, mwaka 1937. Kwa kipimo cha ugumu kiitwacho Shore A, bushi nyingi za mpira huwa kati ya 50 na 70, hali za poliyurethani aghalabu hupita 75 na kukaribia 95. Kwa kawaida haikugandishwa na kibomba cha ndani. Kibomba huzunguka ndani yake kama ekseli ndani ya tundu. Hapa ndipo grisi inapotakiwa, na ajabu ni kwamba fundi yule yule aliyeumwagia mpira oili bila sababu, bushi hii huifunga kavu. Yatokeayo ni mlio wa kukereza kila gari linapovuka tuta.

Wala si kila grisi ifaayo. Poliyurethani hustahimili mafuta ya petroli kuliko mpira wa asili, lakini grisi ya kawaida ya beringi huoshwa upesi na maji ya madimbwi, na watengenezaji wengi wa bushi hizi huagiza itumike grisi ya silikoni, iliyo nzito na isiyoshikwa na maji. Kabla ya kupaka, kibomba husuguliwa kwa msasa mwororo hadi kutu yote itoke. Grisi hupakwa ndani ya tundu na pia katika nyuso za pembeni, zile zinazogusana na chuma; sehemu hizi za pembeni ndizo zinazosahauliwa, na mara nyingi ndizo zinazolia. Kinachofurika hufutwa, maana vumbi hunata juu yake. Kunyunyiza mafuta kwa nje baada ya bushi kufungwa ni kupoteza fedha, kwa kuwa hayafiki panaposuguana. Vumbi la mchanga likiisha kupenya, hata pampu ya grisi haliondoi: hulazimu bushi ifunguliwe, isafishwe, na kibomba kikaguliwe kama hakijachimbika.

Wauzaji husifu poliyurethani kana kwamba ni bora kuliko mpira mahali pote. Sifa hiyo imezidi kiasi. Katika vishikizo vya springi za nyuma za pikapu, ambako mwendo ni wa kuzunguka upande mmoja tu, inafaa sana. Lakini pale ambapo mkono wa gurudumu hauna budi kuzunguka na kupinda kwa wakati mmoja, ugumu wake huwa kizuizi, na nguvu inayozuiliwa huhamia kwenye bolti na vyuma vinavyoishikilia. Isitoshe, aina zenye msingi wa poliesta huozeshwa polepole na joto pamoja na unyevu, hali ambayo wakazi wa Dar es Salaam na Mombasa wanaifahamu vyema. Zenye msingi wa polietha huvumilia zaidi. Mnunuzi dukani haambiwi ni ipi anayopewa. Huoneshwa nyekundu, njano au buluu, ilhali rangi peke yake haijulishi ugumu wala kemia ya kitu. Kwa gari dogo la mjini, bushi nzuri ya mpira, iliyofungwa kwa kanuni na kuepushwa na oili, ingali chaguo la busara.

Ni haki basi kudai kwamba kila pakiti ya bushi iuzwayo Afrika Mashariki iwe na karatasi ya Kiswahili inayotaja aina ya poliyurethani, ugumu wake, na grisi inayotakiwa. Karatasi hiyo itaje jambo moja zaidi. Mafundi wamezoea kuing'oa bushi ya mpira iliyokwama kwa kuichoma moto, na moshi wake mweusi tayari ni mbaya. Poliyurethani ikichomwa hutoa moshi wenye gesi ya sianidi ya hidrojeni, ambayo ni sumu kali, na katika gereji iliyofungwa anayeinama juu yake ndiye anayeivuta kwanza. Bushi ya namna hii hutolewa kwa presi, au hukatwa kwa msumeno.